Maji ya Ndimu na Wagonjwa wa Mwaka 1498

Historia ina mazoea ya kutaja mapanga na kuvisahau visu vya jikoni. Wasomaji wengi wa habari za kisiwa cha Mombasa waweza kueleza ni lini Ngome ya Yesu ilianza kujengwa, na ni mataifa gani yaliyoigombania. Ni wachache wawezao kusema watu waliokaa katika mji ule walikula nini, walikunywa nini, na maarifa gani yalikuwamo katika vyungu vyao. Walakini panga humjia mwanadamu siku moja moja, na chungu humjia kila siku. Kwa hiyo nataka tufuatane, msomaji, kwa njia isiyopita langoni mwa ngome bali mlangoni mwa jiko. Tutatoka jikoni twende baharini, tutoke baharini twende kwa matabibu, na mwisho turudi tulikoanzia. Kiongozi wetu ni chombo kidogo kabisa: kikamulio cha ndimu.

Chombo hicho nakijua tangu utotoni. Katika nyumba ya shangazi yangu, mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale, palikuwa na kikamulio cha kioo kizito. Kilikuwa mfano wa kisahani, na katikati yake palisimama nundu iliyochongoka yenye mifuo kutoka kileleni hata chini. Nusu ya tunda hufunikizwa juu ya nundu ile, mkono hugeuka kulia na kushoto, maji hutiririka kwa mifuo, na vijimeno vya kioo huzizuia kokwa zisifuate. Shangazi alikuwa na sharti moja juu ya chombo kile. Hakukamua ndimu kabla ya wakati wake. Wali ulipokwisha pakuliwa, na samaki alipokuwa sahanini, ndipo alipotaka ndimu.

Mwezi mmoja wa Ramadhani, nilipokuwa kijana mwenye bidii nyingi kuliko akili, niliamka nikakamua ndimu ishirini asubuhi ili nimpunguzie kazi ya jioni. Nikayatia maji yake katika sufuria, nikayabandika motoni yasiharibike. Shangazi akaja, akatazama, akatikisa kichwa. "Mwanangu," akasema, "ndimu ikikatwa yataka kuliwa. Haingoji mtu, wala haitaki moto." Niliyachukua maneno yale kuwa ni mazoea ya wazee tu. Miaka ilipita kabla sijatambua kwamba katika sentensi zile mbili palikuwa na elimu ambayo mataifa makubwa yaliitafuta kwa muda wa karne nzima, wakaipata, kisha wakaipoteza, na mabaharia wengi wakafa katikati.

Nikawa mwalimu, na sasa kazi yangu ni kuwafunza walimu wa historia katika chuo. Mwaka mmoja nilikuwa nikisomesha habari za kufika kwa Vasco da Gama katika pwani yetu. Nilieleza kwamba watu wake walikuwa wameugua, na kwamba walipofika Mombasa wakapona. Mwanafunzi mmoja akainua mkono. "Mwalimu," akauliza, "hao wagonjwa walipona kwa dawa gani?" Nikamjibu kama walivyoandika Wareno wenyewe: walipona kwa hewa nzuri ya Mombasa. Akaandika. Darasa zima likaandika. Lakini swali lile lilinifuata hata nyumbani. Mimi nimezaliwa katika hewa hiyo; nimeugua ndani yake, nami nimewaona wengi wakiugua ndani yake. Tangu lini hewa ikawa dawa? Nikaona aibu, kwa kuwa nilikuwa nimepokea neno kutoka karatasini nikalitia katika karatasi nyingine, bila kulipitisha akilini.

Hebu tulitafute jibu pamoja, kwa utaratibu.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba jamii ya ndimu na michungwa si wenyeji wa asili wa pwani hii. Asili yao ni bara la Asia, katika nchi zilizo chini ya milima ya Himalaya na upande wa Uchina. Kutoka huko matunda hayo yalisafiri kwa njia za biashara, mengine kwa nchi kavu na mengine kwa majahazi, mpaka yakaota katika bustani za Waarabu, Waajemi na Waswahili. Katika lugha yetu jamaa hao wana majina mengi: ndimu, limau, chungwa, danzi, chenza, balungi na furungu. Watu hawatoi majina mengi kwa kitu wasichokijua sana.

Hatuna haja ya kukisia kama miti hiyo ilikuwapo Mombasa zamani. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alilala usiku mmoja kisiwani alipokuwa njiani kwenda Kilwa. Aliandika kwamba watu wa Mombasa hawalimi nafaka kisiwani, ila huletewa kutoka pwani ya bara. Kwamba chakula chao ni ndizi na samaki. Na kwamba wana miti ya malimau, pamoja na tunda jingine la jamii hiyo lenye ganda nene. Karibu mwaka 1516 Mreno Duarte Barbosa naye aliandika habari za mji huu, akataja machungwa matamu, machungwa makali, malimau na makomamanga. Katikati ya waandishi hao wawili ndipo zilipofika merikebu za Vasco da Gama. Basi tukiangalia mashahidi hao, mmoja wa kabla na mmoja wa baada, twaona kwamba bustani za Mombasa zilikuwa na matunda haya zamani za kale, kabla Mreno hajatia nanga.

Vasco da Gama aling'oa nanga Lisbon tarehe 8 Julai 1497. Alizunguka ncha ya kusini ya Afrika, na mwezi wa Januari 1498 akaingia katika mto mmoja wa nchi ya Msumbiji ya leo, karibu na Quelimane. Hapo alikaa mwezi mzima, na hapo ugonjwa ukawazukia watu wake. Mikono na miguu yao ilivimba. Fizi zikakua zikafunika meno, hata wakashindwa kula. Msafiri mmoja wa merikebu zile aliyaandika mambo hayo katika kumbukumbu za safari, na kwa dalili hizo twautambua ugonjwa mara moja. Ni kiseyeye.

Kiseyeye ni ugonjwa wa upungufu. Mwili wa binadamu umejengwa kwa nyuzi nyembamba zinazoshikamanisha ngozi, nyama, mifupa na mishipa ya damu. Nyuzi hizo haziwezi kufumwa vizuri bila ya kitu tunachokiita leo vitamini C. Mbuzi hujitengenezea kitu hicho mwilini mwake mwenyewe. Sisi hatuwezi, hutulazimu kukipata katika chakula, hasa matunda na mboga mbichi. Mtu akikaa miezi miwili au mitatu akila nyama ya chumvi na mikate mikavu peke yake, mwili huanza kufumuka kama mkeka uliokatwa uzi. Fizi hutoka damu, meno hulegea, madoa hutokea miguuni, na jeraha lililopona zamani huweza kufunguka upya. Mwisho wake ni mauti.

Merikebu za Wareno zilitia nanga mbele ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Siku iliyofuata mfalme wa Mvita aliwapelekea wageni zawadi: kondoo, machungwa mengi, malimau na miwa. Da Gama naye akampelekea mfalme shanga za marijani. Urafiki ule haukudumu. Wareno walikuwa wamekwisha kupigana na watu wa Kisiwa cha Msumbiji, na yaelekea habari hizo ziliwatangulia. Hofu ilikuwa pande zote mbili. Da Gama aliwatesa watu wawili kwa kuwadondoshea mafuta ya moto ili waseme kama kuna hila. Na usiku waogeleaji wa Mvita walikwenda kuzikata kamba za nanga. Tarehe 13 Aprili merikebu ziliondoka zikielekea Malindi.

Sasa sikiliza, msomaji, neno ambalo mwandishi yule wa safari aliliandika kabla hajauacha mji wetu. Alisema kwamba Mungu aliwarehemu, wagonjwa wao wote wakapona hapo, kwa sababu hewa ya mahali pale ni nzuri sana. Kondoo ameandikwa. Machungwa yameandikwa. Malimau yameandikwa. Uponyaji nao umeandikwa, katika kurasa zile zile. Lakini hapana mtu aliyevuta mstari kutoka tunda kwenda kwenye afya. Dawa ilikuwa mikononi mwao na maganda yake yakielea juu ya maji kando ya merikebu, nao wakatazama juu wakaishukuru hewa.

Mwaka uliofuata wakapata somo la pili, chungu zaidi. Walipokuwa wakirudi kutoka Bara Hindi upepo uliwanyima msaada, na safari ya kuvuka bahari ikachukua karibu miezi mitatu, kuanzia mwezi wa Oktoba 1498 hata Januari 1499. Watu thelathini walikufa kwa kiseyeye katika kuvuka huko. Kila merikebu ilibakiwa na watu saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499, jambo moja waliloliomba ni machungwa, kwa kuwa wagonjwa waliyatamani mno. Machungwa yakaletwa, lakini kwa wengi yalikuwa yamechelewa, wakafa pale pale Malindi. Safari hii mwandishi akailaumu hewa! Hewa ya Mombasa ilisifiwa kwa kuponya, na hewa ya Malindi ikashutumiwa kwa kuua, na miji hiyo miwili ni jirani katika pwani moja. Waliobaki hawakutosha kuziendesha merikebu zote, hata ikawapasa kuichoma moto ile iliyoitwa São Rafael, katika pwani ya upande wa Tanga.

Baada ya hapo dunia ilikaa karibu miaka mia mbili na hamsini kabla ya mtu kulifanya jambo lililokuwa rahisi: kulinganisha. Mwezi wa Mei 1747 James Lind, tabibu wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Salisbury, alichukua wagonjwa kumi na wawili wa kiseyeye ambao hali zao zilifanana. Aliwalaza mahali pamoja, akawapa chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili na kila jozi akaipa dawa yake. Wengine walipewa siki, wengine maji ya bahari, wengine dawa nyingine zilizosifiwa wakati ule. Jozi moja ilipewa kwa kila mtu machungwa mawili na limau moja kwa siku. Matunda yalikwisha baada ya siku sita. Na katika siku hizo sita mmoja wa wale wawili alirudi kazini, na mwenziwe akawa na nafuu kupita wagonjwa wote. Lind aliandika habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1753.

Kumbuka hesabu hiyo ya siku sita. Wagonjwa wa da Gama walipokea machungwa tarehe 8 Aprili, wakaondoka tarehe 13. Jaribio la Lind lilifanyika kwanza mbele ya Mombasa bila ya mtu kujua kwamba ni jaribio.

Huenda ukadhani kwamba kisa kimekwisha, dawa imejulikana na watu wamepona. La. Hapa ndipo maneno ya shangazi yangu yanapoingia katika historia. Matunda huoza katika safari ndefu, kwa hiyo Lind alishauri maji yake yakamuliwe, kisha yapashwe moto kwa saa nyingi mpaka yawe mazito na kuweza kuwekwa. Hakujua kwamba moto huo, pamoja na hewa, ulikuwa ukiiharibu dawa yenyewe. Mabaharia waliopewa maji yale yaliyopikwa hawakupata faida iliyotazamiwa, na wakubwa wakaanza kutilia shaka hata matunda mabichi. Ilikuwa mwaka 1795, miaka arubaini na minane baada ya jaribio, ndipo jeshi la majini la Uingereza lilipoanza kuwagawia mabaharia wake maji ya limau kwa amri. Kiseyeye kikapungua sana katika manowari zake.

Ushindi huo nao ukapotea. Katika miaka ya 1860 jeshi lile liliacha malimau ya nchi za Mediterania likachukua ndimu za visiwa vya Karibi. Kwa macho yao limau na ndimu vilikuwa kitu kimoja, maadamu vyote ni vikali. Lakini ndimu ina vitamini C kidogo kuliko limau. Tena maji yake yalikaa mapipani muda mrefu yakiguswa na hewa, na yalipitishwa katika mabomba ya shaba, na shaba huiharibu vitamini hiyo upesi. Hayo hayakuonekana mara moja, kwa kuwa merikebu za moshi zilikuwa zimefupisha safari, na watu walifika bandarini kabla ya kuugua. Lakini msafara wa Waingereza uliokwenda upande wa Kaskazini mwa dunia mwaka 1875 na 1876 ulibeba maji ya ndimu, na kiseyeye kikawashika vile vile. Matabibu wakachanganyikiwa. Wengine wakasema kwamba ndimu haijapata kuwa dawa kamwe, na kwamba ugonjwa unatokana na nyama iliyoharibika. Elimu iliyokuwa imepatikana kwa roho za watu ikarudishwa nyuma, kwa sababu waliijua dawa kwa jina na hawakuijua kwa sababu yake.

Mwaka 1918 watafiti wa Lister Institute mjini London walithibitisha kwamba maji ya ndimu yana nguvu kama robo tu ya maji ya limau dhidi ya kiseyeye. Mwaka 1928 Albert Szent-Györgyi, mtaalamu wa Hungaria, aliitenga asidi fulani katika maabara, na mwaka 1932 ikabainika kwamba asidi hiyo ndiyo vitamini C. Baadaye alipata kiasi kikubwa cha vitamini hiyo katika pilipili tamu za nchi yake, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Mpishi wa Mombasa atatabasamu akisikia kwamba siri ya kiseyeye ilifunguliwa kwa ndimu na pilipili, jamaa wawili wasiokosekana mezani kwake.

Kikamulio nacho kina ukoo wake. Watu wa kale walikamua kwa mkono na kuchuja kwa kitambaa, kama vile jiko la Mswahili linavyokamua tui kwa kifumbu mpaka leo. Katika karne ya 18 wafinyanzi wa Kütahya, nchi ya Uturuki, walifinyanga vikamulio vya malimau kwa udongo na kuvipamba kwa rangi. Mwaka 1896 John Thomas White, Mmarekani mwenye asili ya Kiafrika, alipata hataza ya kikamulio cha limau alichokitengeneza kwa namna bora. Mwaka 1916 wakulima wa machungwa wa California, chini ya jina la Sunkist, walianza kuwahimiza watu wayanywe machungwa badala ya kuyala tu, wakauza vikamulio vya kioo kwa bei ndogo ili kila nyumba iwe na kimoja. Kikamulio cha shangazi ni wa uzao huo.

Uzuri wa chombo hiki ni kwamba hurudisha kazi ya kukamua mahali pake, yaani mezani, dakika chache kabla ya kunywa. Pipa la manowari liliitenga kazi ya kukamua na kazi ya kunywa kwa miezi na kwa maelfu ya maili. Kikamulio huzikutanisha tena. Basi tuyatazame masharti ya jiko la Kibokoni mbele ya elimu ya leo, tuone kama yana maana.

Sharti la kwanza: tunda liviringishwe kwanza juu ya ubao kwa kiganja, kisha likatwe kwa upana wa kati, si kutoka kikonyo kwenda chini. Kuviringisha huvunja vifuko vya maji, na kukata kwa upana hufungua vyumba vyote vya tunda kwa pamoja. Mkono usikandamize mpaka ganda jeupe, kwani uchungu hukaa humo.

Sharti la pili: kamua panapo haja. Ukali wa ndimu huilinda vitamini kwa muda, kwa hiyo maji yaliyokamuliwa asubuhi hayajawa bure ifikapo adhuhuri. Lakini kila saa ya joto na hewa huondoa kitu, na harufu nzuri ndiyo itanguliayo kuondoka. Ikiwa ni lazima kuweka, weka katika chupa iliyojaa na kufungwa, mahali pa baridi, au yagandishe yawe barafu.

Sharti la tatu: chemsha maji, usichemshe ndimu. Ndimu haiyasafishi maji machafu, na mtu asidanganyike kwamba ukali wake unatosha kuua maradhi. Maji ya kisima au ya mfereji usiouamini yachemshwe, yaachwe yapoe kabisa, ndipo yatiwe maji ya ndimu.

Sharti la nne: maji ya ndimu yasikae katika chombo cha shaba. Kila aliyelelewa Mji wa Kale amewaona wazee wakisugua masinia ya shaba kwa ndimu na majivu hata yakang'aa kama dhahabu. Mng'ao ule hutokea kwa sababu ndimu hula uso wa shaba. Basi kinachosafisha sinia huchukua shaba. Na maji yakikaa humo, shaba huingia katika kinywaji, na vitamini huangamia. Bibi aliyejua kusafisha sinia kwa ndimu alikuwa na nusu ya elimu iliyokosekana katika mabomba ya Waingereza. Kioo, udongo uliochomwa vizuri, au bati lisiloshika kutu, vyote ni salama.

Sharti la tano: nawa mikono baada ya kukamua, kabla ya kutoka juani. Maji ya ndimu yakibaki juu ya ngozi yakapigwa na jua kali, huweza kuiunguza na kuacha madoa meusi. Na anayekunywa asikae akiyasukutua mdomoni, kwa kuwa ukali ule hula meno pia. Anywe pamoja na chakula, kisha asuuze kinywa kwa maji.

Mimi nisingependa msomaji adhani kwamba ndimu ina ufalme wa peke yake. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na papai na embe yana sehemu njema. Machungwa yaletwayo katika soko la Marikiti kutoka mashamba ya pwani, na yale yavukayo mpaka kutoka Muheza, upande wa Tanga, yanatosha kumlinda mtu kwa tunda moja au mawili kwa siku. Wala si lazima kukamua. Mwenye kula tunda zima hupata na nyuzinyuzi zake. Lakini mwenye kukamua, akamue kwa akili, na sukari aitie kwa haya.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani, nikawaambia wanafunzi wangu wafungue daftari zao na kuukata mstari mmoja walioniandikia kwa imani. Nilimshukuru yule aliyeuliza. Kisha niliweka mezani nakala ya maneno ya mwandishi wa 1498, pamoja na kikamulio na ndimu sita, nikawataka wao wenyewe wavute mstari ambao yeye hakuuvuta. Hawakuchukua robo saa.

Tulijifunza siku ile kwamba shahidi aweza kusema kweli juu ya alichokiona, na akakosa juu ya sababu yake. Mreno hakusema uongo: wagonjwa walipona kweli, na Mombasa ndipo walipopona. Kosa lake lilikuwa katika neno moja tu, neno "kwa sababu". Mwanahistoria mwema hupokea macho ya shahidi kwa heshima, lakini sababu zake huzipima. Na kuna jambo moja zaidi la kustaajabisha katika kisa hiki: hewa iliyosifiwa kuwa mganga ndiyo hasa adui wa dawa iliyowaponya, kwa kuwa ni hewa inayoiharibu vitamini ndani ya maji yaliyokamuliwa.

Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1498 methali hiyo iligeuka. Mgeni ndiye aliyepona, kwa kondoo, miwa, machungwa na malimau ya mwenyeji. Mwenyeji hakupona. Mwezi wa Agosti 1505, miaka saba tu baadaye, kundi jingine la merikebu za Wareno chini ya Francisco de Almeida lilikuja Mombasa, likauteka mji, likaupora na kuuchoma moto. Kama watu wale wangalijua ni nini kilichowaponya, sijui kama moyo wao ungalibadilika. Lakini angalau deni lingeandikwa kwa jina la mdai, lisiandikwe kwa jina la hewa.

Kikamulio cha shangazi kimepasuka ukingoni sasa, lakini bado chafanya kazi. Nikikikalia mezani jioni na kugeuza nusu ya ndimu juu ya nundu yake, mimi humkumbuka yule mzee akisema kwamba ndimu haingoji mtu. Nayo kweli haingoji.